Simu ya mama inalala wapi usiku?

Swali la msomaji: "Asalaam aleikum daktari. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Lunga Lunga, Kwale. Tuko 64: wajane, walemavu, wasichana waliorudi Saudia na mambo wasiyoyasema, na wengine wake wa wavuvi wa Vanga. Tukipewa rufaa ya ugonjwa wa akili tunaelekezwa Port Reitz, Mombasa, na nauli ya kwenda na kurudi peke yake inamshinda mtu. Sasa mfadhili amejitolea kutujengea programu ya simu ya afya ya akili, kwa Kiswahili, yenye roboti ya kuzungumza na mtu usiku na mchana. Wenzangu wamefurahi. Mimi nasita, maana wengi wetu simu zetu ni kabambe, za vitufe tu. Je, tukubali? Mambo haya yanaweza kweli kumfikia mtu kama sisi, ama ni ya watu wa mjini?"

Waaleikum salaam, dada yangu. Kwanza nisahihishe jambo moja nisije nikala sifa ya mwenzangu: mimi si daktari wa dawa. Ni mwanasaikolojia. Mwaka wa 18 huu kazi yangu ni kukaa na watu wakanizungumzia, Mombasa mjini na vijiji vya Kilifi, na tangu wakati wa korona karibu nusu ya mazungumzo hayo nayafanya kwa simu. Kwa hiyo usinisome kama mzee anayeogopa mitambo. Jibu langu fupi: pesa zikubalini, programu mwambieni mfadhili aiweke kando kwanza. Refu ndilo hili.

Miaka kadhaa nyuma niliingia kwenye mradi unaofanana na wenu kama pacha. Palikuwa na uzinduzi hotelini, fulana, keki. Shirika silitaji. Kila mama aliyejiandikisha alipokea ujumbe saa tatu usiku, saa ambayo vijana wa kompyuta walipiga hesabu wakaona ndipo watu wametulia. Maneno ya ujumbe niliyaandika mimi, kwa hiyo aibu ni yangu: "Habari ya jioni! Leo moyo wako uko vipi?" Wiki ya pili mama mmoja akanijia, hata kitini hakukaa. "Nitoleeni jina langu kwenye hiyo simu." Kulikoni? Akasema mumewe alikuwa anakula, simu ikalia pembeni ya sahani, akaisoma, akainua macho, akamwuliza: "Moyo wako unamweleza nani?" Basi. Hakumpiga wala hakupaza sauti. Alimaliza wali wake, akanawa, na tangu siku ile simu ya nyumba ikawa inalala chini ya mto wake.

Fomu yetu ilikuwa imeuliza, "Je, una simu?" Mama akajibu ndiyo, na uongo hakusema, maana nyumbani simu ipo. Sisi tulioandika fomu ndio hatukujua kuuliza. Siku hizi swali langu la kwanza ni hilo ulilolisoma juu hapo: simu inalala wapi usiku? Kuna inayolala kwa mume. Kuna inayolala kwa kijana wa nyumba, anayeitumia kuangalia mpira mpaka bando liishe. Kuna inayolala dukani, kwa muuza duka anayechaji simu za kijiji kizima kwa umeme wa sola, zimepangwa mstari kwenye rafu, na yeyote anayepita anaona nani katumiwa nini. Na kuna mama mwenye laini tu, kaifunga kwenye pindo la leso, akitaka kupiga huazima simu kwa jirani. Hawa wote kwenye ripoti ya mfadhili watahesabiwa "wana simu".

Hapo ndipo ninapotaka uelewe jambo ambalo watu wa miradi hulipita mbio. Tunaambiwa teknolojia inapunguza pengo, kwamba masikini wa Lunga Lunga na tajiri wa Nyali wote watapata huduma ileile kwa kubonyeza. Lakini ukimwaga kitu kijijini bila kuangalia mteremko, maji yanakwenda yalikozoea kwenda. Ripoti za GSMA, jumuiya ya kampuni za simu duniani, zinaonyesha kwamba Afrika kusini mwa Sahara pengo la wanawake na wanaume katika kutumia intaneti ya simu ni karibu theluthi moja. Programu yenu itawafikia kwanza wale wachache wenye simu ya kupangusa, bando, macho mazima, shule ya kutosha na chumba cha peke yao. Hao wanahitaji msaada pia, siwaonei. Ila mwisho wa mwaka wao watakuwa wamepanda ngazi moja, na yule mjane wa laini ya pindoni yuko palepale. Pengo litakuwa limekua kwa pesa iliyoletwa kulipunguza.

Sasa, je, kuna kilichofanya kazi kwa watu kama nyinyi? Kipo, na baadhi kimefanyika karibu kuliko unavyodhani.

Uganda, kaskazini-magharibi, kuna makazi ya wakimbizi yaitwayo Rhino Camp. Wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti wa njia ya Shirika la Afya Duniani ya kupunguza msongo, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Mtambo waliotumia ulikuwa sauti iliyorekodiwa. Akina mama ishirini hadi thelathini wanakaa pamoja, sauti inacheza kwa Kiarabu cha Juba, lugha wanayoongea sokoni, inawafundisha namna ya kutulia mawazo yanapokuja kama siafu. Pembeni wamekaa wasimamizi wawili, wanawake wa kawaida waliofunzwa kwa siku chache, si wasomi wa saikolojia. Vikao vitano, mara moja kwa wiki, na kijitabu cha picha kwa wasiosoma. Miezi mitatu baadaye dhiki yao ilikuwa imeshuka kuliko ya wale ambao hawakuingia vikaoni. Bila intaneti, bila nywila. Ukiniuliza teknolojia gani ya afya ya akili inamfaa mwanamke wa kijijini, nitakuonyesha spika.

Nairobi nako, wahudumu wa afya ya jamii wa kawaida walifunzwa njia nyingine ya shirika hilohilo, vikao vitano vya dakika 90, wakawahudumia wanawake waliopitia ukatili, na ikawafaa. Na Harare kuna benchi. Baada ya serikali ya Zimbabwe kubomoa mitaa mwaka 2005, daktari Dixon Chibanda alianza na akina bibi wa mtaa wa Mbare, wakakaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti wa mwaka 2016 ulikuwa na watu 573. Baada ya miezi sita, walioketi na bibi waliobaki na dalili za sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, walikuwa asilimia 13.7, wale waliopata huduma ya kawaida ya zahanati iliyoboreshwa kidogo, asilimia 49.9. Bibi hawakuulizia "afya ya akili". Washona wana neno, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na bibi walianzia hapo.

Hilo la neno ni la bure lakini ni kubwa, kwa hiyo nisimame kidogo. Msiiite huduma yenu "ya afya ya akili". Pwani yetu ukitaja akili, mtu anasikia wazimu, pingu, hospitali ya Mathari. Mama hatakuambia ana sonona. Atakuambia ana mawazo, moyo mzito, kichwa kinamwanga, usingizi umemhama, mwili umechoka na kazi hajafanya. Pengine ameshasomewa na ostadhi na kunyweshwa kombe, yale maji yaliyooshea aya, na mimi huwa sigombani na kombe. Namuuliza tu lilimsaidia vipi, na usingizi ukoje sasa. Iiteni "laini ya kikundi". Mume akiuliza, ni simu ya chama, na kweli ni ya chama.

Nirudi kwenye mitambo. Lebanon, Shirika la Afya Duniani lilijaribu programu hasa ya simu na kompyuta, ya kujisaidia mwenyewe, kwa wakimbizi wa Syria na wenyeji waliolemewa na huzuni. Ilisaidia. Lakini soma imeendeshwaje: kila mtumiaji alikuwa na msaidizi, mtu wa damu na nyama, anayemtafuta kwa simu au ujumbe kama dakika 15 kwa wiki kumuuliza amefika wapi, amekwama wapi. Na hata hivyo wengi waliacha njiani. Tafiti nyingi za programu za namna hii zinarudia wimbo mmoja: yenye mtu nyuma yake husaidia zaidi kuliko ile ya kujisomea peke yako. Nyingine za peke yako hufaa pia. Hapa Kenya wanafunzi 103 wa sekondari walijaribu kikao kimoja tu cha kompyuta cha Shamiri, matokeo ya mwaka 2020, na dalili za sonona zikapungua. Ila hao walikuwa wanafunzi shuleni, wamekalishwa mbele ya kompyuta, wanajua kusoma. Wenu si hao.

Kwa hiyo tungekuwa tumekaa barazani tukinywa kahawa, ningekuambia hivi. Chagueni wanawake sita miongoni mwenu ambao watu tayari wanawaendea. Unawajua. Si wenye vyeti. Ni wale ambao mtu akigombana nyumbani anakimbilia mlangoni kwao. Wafunzwe kusikiliza na kutatua tatizo hatua kwa hatua, na vitabu vya njia ile ya Nairobi Shirika la Afya Duniani linavitoa bure. Wapewe simu na muda wa maongezi. Kisha mfumo wenu wote uwe wa kubipu: mama anapata nafasi yuko kisimani, yuko shambani, ameazima simu ya jirani, anabipu, anakata. Msikilizaji anampigia. Kabambe inatosha, salio halihitajiki, na aliyechagua saa ni yeye mwenyewe. Ujumbe ule wangu wa saa tatu usiku ulikuwa na ubaya huo hasa, kwamba saa niliichagua mimi.

Wekeni na neno la kuanzia. Msikilizaji akipiga, asiseme "pole, nimesikia una matatizo". Aseme jambo la chama: "Mchango wa mwezi umefika?" Mama akijibu "umefika", yuko peke yake, endelea. Akijibu "bado", kuna mtu karibu. Ongeeni unga na mchango dakika mbili mkate simu. Akina mama wa Kilifi ndio walionifundisha hili. Mimi na shahada zangu nisingelifikiria.

Na wale wahamasishaji wa afya wa kijiji, ambao mwaka 2023 serikali iliwapa mikoba ya vifaa na simu? Washirikisheni kwa rufaa, maana wanajua kila mlango. Kuwabebesha kazi ya kusikiliza juu ya waliyo nayo, hapana. Wameshalemewa.

Simu ya kupangusa ina kazi yake, na hapa ndipo ninapoifurahia kweli: kumsimamia msikilizaji. Mtu anayebeba huzuni za watu wanane bila pa kuzitua huvunjika. Zamani nilikuwa naendesha saa nne kwenda na kurudi ili nikae na wasikilizaji mara moja kwa mwezi, na kati ya mwezi na mwezi yalikuwa yanatokea mambo. Sasa kila Jumanne natumiwa ujumbe wa sauti. Nimekumbuka mmoja wa mwaka jana. Kuku wanalia nyuma, mtoto anaita, na msikilizaji anaongea chinichini: "Mama namba 14. Nimempigia mara tatu. Ananiambia yuko sawa, lakini jana ameanza kugawa vyombo. Sufuria kubwa kampa wifi yake. Mimi sijapenda." Hakutaja jina, hakutaja kijiji. Mimi niko Mombasa nimekaa kwenye foleni ya feri, nikausikiliza mara mbili, nikampigia. Mtu anayegawa vyombo vyake bila kuhama ni mtu wa kwenda kumwona siku hiyohiyo, na alionwa. Programu gani ingelijua maana ya sufuria kubwa? Aliijua jirani, na simu ikafikisha ujuzi wake kwangu kwa dakika moja.

Sasa wasichana wa Saudia. Waliorudi, waketi na mtu ana kwa ana, simu baadaye. Wengi simu kwao ni kitu kilichonyang'anywa, kikafichwa, kikakaguliwa, usianzie hapo. Lakini wale ambao bado wako huko, na najua kijiji chenu kina wa kwake, kwao simu ndiyo mlango pekee. Msichana yuko ndani ya nyumba ya mwajiri, pasi si yake, mlango si wake, intaneti ni ya mwenye nyumba. Ninaowasikiliza huniambia wanasikiliza ujumbe wa sauti chooni, bomba limefunguliwa. Basi ujumbe uwe mfupi, dakika moja, na usianze kwa jina lake. Kwenye WhatsApp kuna sauti ya kusikilizwa mara moja ikapotea, na kuna namna ya kufunga mazungumzo yasionekane kwenye orodha. Mfundisheni kabla hajaondoka, siku anapofungasha, si akishafika. Saa za Riyadh na zetu ni zile zile, kwa hiyo mkubaliane: baada ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Na msimwahidi mtakayoshindwa. Mnaweza kumshika mkono kwa sauti. Kumtoa kwenye nyumba ile ni kazi ya ubalozi na wanasheria, na akidhani nyinyi ndio mtamtoa, kila Jumanne isiyo na habari itamwua kidogo.

Kwa walemavu nitapita haraka, si kwa kuwadharau ila kwa sababu hapa mkweli zaidi ni mlemavu mwenyewe. Asiyeona, simu ya sauti inamfaa kuliko programu, kwani vijana wengi wanaojenga programu husahau kuandika majina ya vitufe ili simu iweze kuvisoma. Kiziwi ni kinyume chake, na usidhani utamwandikia ujumbe yakaisha: kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni ya alama, Kiswahili cha kuandika ni lugha ya kuazima. Kwake ni video, na video inakula bando. Hilo ndilo fungu ambalo ningemwomba mfadhili alilipie bila haya.

Kuhusu roboti. Nilikaa jioni moja nikalijaribu, wala si roboti moja tu, kwa maneno ninayoyasikia kazini. Nikaandika, "Kifua kimenibana, kuna kitu kimenikalia." Likaniambia nikapimwe moyo hospitalini. Sawa, si kosa. Hata mimi ningemwambia mtu akapimwe. Nikaandika, "Natamani Mungu anichukue nipumzike." Likanijibu kwa upole mwingi kwamba mapumziko ni muhimu kwa mwili, likanipa orodha ya namna za kulala vizuri. Dada yangu, wewe uliyezaliwa na lugha hii umesoma sentensi ile na ukashtuka. Lile halikushtuka. Mitambo hii inaboreka kila mwezi, na pengine ukilijaribu leo litajibu vingine. Lakini hata kule ilikozaliwa, kwa Kiingereza chake, mambo yametokea: mwaka 2023 shirika moja la Marekani la watu wenye matatizo ya kula lilizima roboti lake baada ya kubainika kwamba linawapa ushauri wa kupunguza uzito watu wanaoumwa kwa kujinyima chakula. Roboti liwape nyinyi makatibu ratiba na lipange kumbukumbu za mafunzo. Lisikae peke yake saa nane za usiku na mtu anayeomba achukuliwe.

Kuna dodoso ambalo mfadhili bila shaka atataka liwemo, maswali tisa ya kupima sonona, kila moja alama sifuri hadi tatu, jumla 27, na kuanzia 10 mtu huangaliwa zaidi. Lipo kwa Kiswahili na limepimwa hapa Kenya. Ni zuri, nalitumia. Tatizo ni swali la tisa: kama umekuwa na mawazo kwamba ni heri ungekufa, au ya kujidhuru. Ukilisoma ana kwa ana, unaona mtu anavyoangalia chini, anavyovuta leso, unajua hata kabla hajajibu. Kwenye programu mama anabonyeza "siku kadhaa", kioo kinamshukuru kwa majibu yake, na hakuna aliyesikia. Kwa hiyo sharti langu ni moja: swali la tisa haliulizwi na kitu chochote, simu wala karatasi, ambacho hakina mtu wa kulipokea jibu saa ileile. Mwandike kwenye ukuta wa ofisi yenu nani anapigiwa. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana 1199, bure. Ukatili wa nyumbani ni 1195. Watoto, 116, na namba hiyo ni ileile ukivuka Horohoro kuingia Tanzania.

Na kwa kuwa mko mpakani, mjue na sheria. Watu wengi wananyamaza kwa kuogopa polisi. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, ni kinyume cha katiba. Waambieni wanachama wenu, kwa maneno mepesi, kwamba kusema hakumpeleki mtu selo. Lakini dada aliyeolewa upande wa Tanga yuko chini ya sheria nyingine, na kule kifungu cha 217 kimo vitabuni. Huyo msikilizeni vilevile, ila muwe waangalifu zaidi na kinachoandikwa.

Maandishi sasa. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, lakini sheria ni ngao ya baada ya kisa. Mwaka 2023 kampuni kubwa ya ushauri nasaha mtandaoni, BetterHelp, ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya serikali ya Marekani kuishtaki kwamba ilipeleka habari za wateja kwa Facebook na wenzake kwa ajili ya matangazo. Hao ni wateja wenye mawakili. Nyinyi tumieni namba badala ya majina, daftari moja la kuunganisha namba na jina, na daftari hilo likae kwenye sanduku lenye kufuli kwa mama mmoja mnayemwamini. Mfadhili akitaka majina kwa ajili ya ripoti, mpeni idadi. Akitaka picha za akina mama wakilia, mwonyesheni mlango.

Halafu muulizeni kitu kimoja ambacho wafadhili hawapendi: siku mkiondoka? Rwanda walikuwa na Babyl, huduma ya kuongea na daktari kwa simu hata ya kabambe, kwa kupiga nyota na reli, na watu zaidi ya milioni mbili walijiandikisha. Mwaka 2023 kampuni mama, Babylon ya Uingereza, ilianguka, na Babyl ikafungwa. Haikuwa huduma mbaya. Ilikuwa mali ya mtu wa mbali. Wanawake sita waliofunzwa kusikiliza hawafungwi na kampuni kufilisika London. Wataendelea kuishi Lunga Lunga, na salio la kupigia chama kinaweza kulichanga, kama mnavyochangia mazishi.

Mfadhili anaweza kusema fungu lake ni la "ubunifu wa kidijitali", haliwezi kulipa watu na salio. Hilo nimelisikia mara nyingi. Mwambieni vikao vya sauti vilivyorekodiwa kwa Kiswahili cha Vanga na kwa Kidigo ni vya kidijitali. Mfumo wa kupokea bip na kumgawia msikilizaji aliye zamu ni wa kidijitali, na kijana mmoja wa chuo anaujenga. Simu sita, chaja za sola, bando la video la viziwi, usimamizi wa Jumanne: vyote ni vya kidijitali akitaka kuviita hivyo. Akikataa bado, basi alichokuwa anataka ni kioo cha kujitazamia, na mtakuwa hamjapoteza kitu.

Kabla ya kikao naye, nakuomba kazi moja. Chukua daftari, uende kwa wanachama kumi, si wale wa mstari wa mbele wanaokuja mikutano yote, wale wengine. Usiulize kama wana mawazo. Waulize simu inalala wapi, inachajiwa wapi, na saa ngapi ya siku wako peke yao. Kisha niandikie ulichokipata, na unitajie ni nani atakayepokea bip za Ijumaa usiku, maana kwa uzoefu wangu hiyo ndiyo zamu ambayo hakuna anayeitaka.